Vikosi viwili, mpira mmoja: kisa cha Kentucky msimu wa 2014–15

Mchezo wa mpira wa kikapu wa vyuo vikuu Marekani una dakika 40, na wachezaji watano uwanjani. Zidisha, utapata dakika 200. Kocha hana nyingine zaidi ya hizo, labda mchezo uende muda wa nyongeza. Akimpa mmoja 35, zimebaki 165 za kugawa kwa wengine. Akitaka kuwaridhisha watu kumi, kila mmoja anapata 20: nusu ya mchezo yuko uwanjani, nusu nyingine yuko kitini, taulo begani, akiwapigia makofi wenzake. Mwaka 2014 John Calipari, kocha wa University of Kentucky, aliichukua hesabu hii iliyowatoa jasho makocha wote waliomtangulia, akaamua kuigawa sawasawa kweli.

Timu yake ilikuwa imetoka kupoteza fainali ya ubingwa wa vyuo ya Aprili 2014 kwa 60–54 mbele ya Connecticut, chuo kilekile alichopitia Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam kabla ya kuchaguliwa wa pili katika drafti ya NBA ya 2009, yaani zoezi la kila mwaka ambapo timu za ligi hiyo ya kulipwa huchagua vijana wapya. Kawaida ya Kentucky enzi za Calipari ilijulikana: kijana anafika, anacheza msimu mmoja, anaondoka. NBA tangu 2006 haipokei mtu anayetoka sekondari moja kwa moja, kwa hiyo chuo kilikuwa kituo cha basi tu. Safari hii abiria hawakushuka. Mapacha Andrew na Aaron Harrison walibaki. Willie Cauley-Stein, mwenye zaidi ya mita 2.10, aliyeikosa fainali kwa kuumia mguu, naye akabaki. Alex Poythress, Dakari Johnson na Marcus Lee vilevile. Juu yao wakaja wageni wanne: Karl-Anthony Towns, Trey Lyles, Devin Booker na Tyler Ulis, huyu wa mwisho akiwa na mita 1.75 tu katika mchezo wa majitu. Tisa kati ya vijana hao walikuwa wamewahi kuteuliwa katika mchezo wa McDonald's All-American, unaokusanya wachezaji bora wa sekondari nchi nzima kila mwaka.

Kijana wa kiwango hicho kwao hajawahi kuuliza kama ataanza. Alichozoea kuuliza ni atafunga ngapi. Sasa wako kumi, na nafasi za kuanza ni tano.

Mtu aliyezoea mpira wa miguu anaweza kushangaa kelele hizi zinatoka wapi. Kwenye soka anayesugua benchi kweli anasugua. Wanaobadilishwa ni wachache, na ukitoka huruhusiwi kurudi. Kwenye kikapu mabadiliko hayana idadi, na mchezaji anaweza kutoka na kurudi mara sita. Anayeanza akipata faulo mbili mapema, makocha wengi humketisha hadi mapumziko, kwa sababu faulo ya tano humtoa kabisa. Kwa hiyo mchezaji wa sita huweza kumaliza na dakika nyingi kuliko baadhi ya waliotajwa majina taa zikiwa zimezimwa na ukumbi ukipiga mayowe. Marvin Williams wa North Carolina hakuanza mchezo hata mmoja msimu wa 2004–05, timu yake ikatwaa ubingwa, na miezi michache baadaye akachaguliwa wa pili katika drafti. Kuanza, basi, ni heshima zaidi kuliko kazi. Ila heshima kwa kijana wa miaka 18, ambaye mama yake kasafiri kutoka jimbo lingine kuja kumwona, si jambo dogo.

Jibu la Calipari lilikuwa vikosi viwili. Si benchi la akiba. Vikosi. Agosti 2014 aliipeleka timu Bahamas kwa michezo ya kujipima, na huko ndiko alikoanza kuijaribu mashine yake. Msimu ulipoanza, kikosi cha kwanza kilikuwa cha mapacha wa Harrison, Poythress, Towns na Cauley-Stein. Cha pili kilikuwa cha Ulis, Booker, Lyles, Lee na Johnson. Cha kwanza kinaanza, kinakimbia kama dakika nne kikikaba kwa nguvu zote, kisha wote watano wanatoka kwa pamoja na wengine watano wanaingia. Mwendo huo ulioana vizuri na mapumziko ya televisheni, ambayo huja mpira unaposimama baada ya saa kushuka chini ya dakika 16, 12, 8 na 4 za kila kipindi.

Kilichonivutia katika mpango huu ni namna ulivyobadilisha maana ya kukaa. Mchezaji wa akiba wa kawaida anaingia kati ya watu waliokwisha kuushika mdundo wa mchezo; anatafuta nafasi yake kama mgeni aliyekuta chakula kimeanza kuliwa. Booker na Ulis hawakuingia hivyo. Waliingia na wenzao watatu, waliofanya nao mazoezi kila siku kama timu, wakiwa na pumzi mpya dhidi ya watu ambao tayari wamekimbia dakika nne. Hakuna aliyechukua namba ya mtu. Na kwa kuwa Kentucky ilijua dakika chache zitawaficha vijana wake, Oktoba 2014 iliandaa siku za mazoezi na vipimo na kualika maskauti, yaani wasaka vipaji, wa NBA, na timu zote 30 zilituma watu. Hiyo ndiyo akili niliyoiheshimu zaidi kuliko mabadiliko yenyewe: kama mchezo hauwezi kumwonyesha kila mmoja, mwonyeshe nje ya mchezo.

Novemba 18, huko Indianapolis, Kansas ilikuja na jina lake kubwa ikaondoka imefungwa 72–40. Kansas ilirusha mitupo 56, ikaingiza 11. Unaweza kusema urefu wa Cauley-Stein na Towns ulitosha kuwafanya hivyo, lakini tatizo hasa lilikuwa kwamba ukuta ulipotoka, ukaingia ukuta mwingine. Desemba 20 mjini Chicago ilikuwa aibu zaidi. UCLA, chuo chenye mataji mengi kuliko chuo chochote, kilikwenda mapumziko kikiwa nyuma 41–7. Saba! Mchezo uliisha 83–44, na Booker, mtu wa kikosi cha pili, alifunga pointi 19.

Lakini ule usiku wa Chicago mashine ilikuwa tayari imekatika jino. Desemba 11 Poythress alichanika kano ya goti mazoezini, bila kugongwa na mtu, msimu wake ukaishia hapo. Kumi wakawa tisa, na tisa haigawanyiki kwa mbili bila mmoja kulala njaa au mwingine kula mara mbili. Kwa muda Calipari aliendelea na sura ya vikosi, kisha kidogo kidogo ikayeyuka. Januari mambo yakawa magumu: Ole Miss iliisukuma Kentucky hadi muda wa nyongeza, 89–86, na siku nne baadaye Texas A&M ikaipeleka nyongeza mbili kabla ya kushindwa 70–64. Mchezo ukiwa unaning'inia hivyo, hakuna kocha anayetoa watu watano kwa sababu dakika zao zimefika.

Mpango wenyewe ulikuwa na dosari hata kabla ya goti la Poythress, na ilikuwa ikifichwa na ushindi wa pointi 30. Ukiwatoa watano kwa saa, unamtoa na yule aliyepamba moto. Booker ameingiza mitupo miwili ya pointi tatu mfululizo, mkono umeshajua njia, kengele inalia, anaketi. Akirudi baada ya dakika nne tano mkono umepoa. Vilevile aliyepoteza njia anabaki uwanjani kwa sababu zamu yake haijaisha. Usawa wa dakika unamlinda mchezaji dhidi ya upendeleo wa kocha, lakini pia unamnyima kocha macho yake.

Vikosi vilipoyeyuka, mistari haikufutika. Waliokuwa kikosi cha kwanza waliendelea kuanza, Lyles akapandishwa kujaza nafasi ya Poythress, na Booker na Ulis wakageuka kuwa kile ambacho mpango uliahidi hawatakuwa: watu wa akiba. Mwisho wa msimu makocha wa SEC, ligi ya vyuo ambayo Kentucky inacheza, walimpa Booker tuzo ya mchezaji bora kati ya wanaotoka benchi. Alikuwa na wastani wa pointi 10 ndani ya dakika 21.5, na mitupo yake ya pointi tatu iliingia kwa zaidi ya asilimia 41. Hakuanza mchezo hata mmoja.

Mabishano makali zaidi, hata hivyo, yalikuwa ya Ulis na Andrew Harrison. Andrew alikuwa mkubwa wa mwili na alikuwa ameshaiongoza timu hadi fainali mwaka uliotangulia. Ulis alikuwa mdogo, lakini mpira mikononi mwake ulikwenda haraka na haukupotea ovyo, na pointi tatu alizipata vizuri. Wakati mwingine walicheza pamoja, na dakika zao hazikutofautiana sana. Mashabiki waliona jina lile lile likianza kila jumamosi wakasema kocha analipa deni la uaminifu: mapacha walikubali kurudi mwaka wa pili, basi namba yao haiguswi. Mimi sidhani ilikuwa hivyo tu. Kocha anayemtoa kwenye nafasi ya kuanza kijana aliyekubali kugawana dakika tangu Agosti, timu ikiwa haijafungwa hata mara moja, anatafuta ugomvi asio na sababu ya kuutafuta. Rekodi ya 20–0 (kushinda ishirini, kufungwa sifuri), kisha 31–0, kisha 34–0 baada ya kutwaa mashindano ya ligi, ilikuwa inajibu kwa niaba yake.

Hakuna mchezaji wa Kentucky aliyefikisha wastani wa dakika 27 msimu ule. Aaron Harrison aliongoza timu kwa pointi 11 tu kwa mchezo. Towns alikuwa na pointi 10.3 na rebaundi (mipira iliyodakwa baada ya mtupo kukosa) 6.7 katika dakika 21 hivi. Kule Wisconsin, Frank Kaminsky alikuwa na pointi 18.8 katika dakika zaidi ya 33, na ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora wa mwaka wa taifa. Ukipiga hesabu ya dakika 40, pengo lote hilo linapungua: Towns anafika kwenye 19 na ushee, Kaminsky 22 na ushee. Maskauti walijua kupiga hesabu hiyo. Juni 25, 2015 Towns alichaguliwa wa kwanza kabisa na Minnesota, Cauley-Stein wa sita, Lyles wa 12, Booker wa 13. Kaminsky, mchezaji bora wa mwaka, alikuwa wa tisa. Mtu anayemwambia kijana kwamba dakika 21 zitamharibia maisha, amwonyeshe kwanza orodha hiyo.

Kabla ya drafti, lakini, kulikuwa na Aprili.

Kwenye mashindano ya ubingwa wa taifa, Notre Dame karibu waumalize msimu mapema. Machi 28 mjini Cleveland Kentucky ilishinda 68–66, kwa mitupo huru miwili ya Andrew zikiwa zimebaki sekunde sita. Usiku ule jibu lilikuwa wazi kwa kila aliyetazama: mpira ulipelekwa kwa Towns chini ya kikapu, ukapelekwa tena, akamaliza na pointi 25. Hakuna habari ya vikosi, hakuna zamu. Ilikuwa timu ya kawaida inayomtafuta mtu wake.

Wiki moja baadaye, Aprili 4, Lucas Oil Stadium mjini Indianapolis, nusu fainali na Wisconsin. Kentucky ilikuwa 38–0. Zilikuwa zimebaki dakika sita na ushee, nayo ikiongoza 60–56. Kuanzia hapo ilikaa zaidi ya dakika tano bila kufunga kikapu. Wakati huo saa ya kurusha, yaani muda ambao timu lazima irushe mpira kikapuni, ilikuwa ya sekunde 35 (msimu uliofuata ikapunguzwa hadi 30), na Kentucky ikaanza kuila: gadi, mchezaji anayeongoza mashambulizi, anaudunda mpira mbali na kikapu, sekunde zinakwenda, mtu mmoja anajaribu kupenya, hakuna. Mara tatu mfululizo saa iliisha kabla mpira haujarushwa. Nigel Hayes wa Wisconsin alisawazisha 60–60 kwa mtupo ambao marudio yalionyesha saa yake nayo ilikuwa imeshaisha, waamuzi wakaupitisha. Mashabiki wa Lexington, mji wa chuo cha Kentucky, hawajausamehe hadi leo. Kisha Sam Dekker akarusha wa pointi tatu. Mwisho, 71–64.

Lawama zilikwenda kwa Andrew, kwa sababu mpira ulikuwa mikononi mwake, na kwa Calipari kwa kuutuliza mchezo. Mimi naona kosa lilikuwa limepandwa miezi mitano nyuma, na ndilo kiini cha kisa hiki. Timu hii ilitumia akili nyingi mno kutafuta jibu la nani aanze. Nani amalize, haikujizoeza kuliuliza, kwa sababu michezo yake mingi ilikuwa imekwisha kabla ya dakika tano za mwisho. Watu wanaomaliza mchezo wanahitaji kujuana kwa namna nyingine: nani anautaka mpira, nani anapitisha kizuizi cha nani, nani akikosa hatetemeki. Wisconsin walikuwa nacho kitu hicho, tena walikipata kwa ajali. Traevon Jackson, gadi wao aliyekuwa akianza, alivunjika mguu Januari. Bronson Koenig akatoka benchi akashika nafasi, akaijenga kwa zaidi ya miezi miwili, na Jackson aliporudi mwezi Machi alirudi benchi. Hakuna aliyegawana kitu. Mmoja aliondoka, mwingine akakua. Sijui kama kuna kocha anayeweza kuupanga ukatili wa aina hiyo kwa makusudi, tena kwa vijana aliokwenda kuwaomba sebuleni kwa wazazi wao.

Siku mbili baadaye, uwanja uleule, Duke iliifunga Wisconsin 68–63 na kutwaa ubingwa. Duke ilikuwa imebaki na wachezaji wanane tu wenye ufadhili wa masomo, baada ya kumfukuza mmoja Januari. Wisconsin wakiwa mbele kwa pointi tisa kipindi cha pili, aliyeigeuza fainali alikuwa Grayson Allen, kijana wa mwaka wa kwanza aliyekuwa na wastani wa pointi nne na ushee, mtu ambaye sehemu kubwa ya msimu alitazama wenzake wakicheza. Alifunga nane mfululizo za Duke, akamaliza na 16. Kentucky ilikuwa na benchi la dhahabu na ikafungwa. Duke ilikuwa na benchi la watu watatu na mmoja wao akaleta kombe. Si hoja kwamba uchache ni bora. Ila Allen alipoingia hakukuwa na zamu inayomsubiri nje, na kocha wake Mike Krzyzewski alipoona mkono umepata moto, alimwacha.

Je, mpango ule ungewezekana leo? Nina shaka. Zama zile mchezaji aliyehama chuo alilazimika kukaa nje msimu mzima, na kanuni hiyo peke yake iliwatuliza wengi. Tangu 2021 anaweza kuhama na kucheza papo hapo, na tangu mwaka huohuo anaruhusiwa kulipwa kwa kutumia jina na sura yake. Mchezaji wa saba wa Kentucky ya leo, akiona dakika 15, ana vyuo vitano vinavyompigia simu kumwahidi 30 na fedha juu. Wale kumi wasingefika Krismasi wakiwa pamoja.

Wala si wote wa kumi walioondoka na faida. Aaron Harrison, mfungaji wao mkuu, hakuchaguliwa kabisa. Andrew alichaguliwa wa 44. Dakari Johnson, ambaye mwishoni mwa msimu wa 2013–14 alikuwa akianza, aliingia kikosi cha pili akachaguliwa wa 48. Marcus Lee alibaki Kentucky hadi 2016, kisha akahamia California, akakaa nje mwaka mzima kwa kanuni ile ile, ndipo akacheza msimu wake wa mwisho. Hawa hawatajwi sana kisa kinaposimuliwa, maana jina la Booker ni tamu zaidi mdomoni.

Ulis hakwenda drafti mwaka ule. Alibaki, na mara hii hapakuwa na wa kugawana naye: alicheza zaidi ya dakika 36 kwa mchezo, akachaguliwa mchezaji bora wa SEC na mkabaji bora wa SEC kwa pamoja. Mwaka 2016 Phoenix ilimchukua, chaguo la 34. Huko alimkuta Booker. Machi 2017, walipokuwa wote katika timu hiyo, Booker alifunga pointi 70 dhidi ya Boston akiwa na miaka 20, na hakuna aliyemtoa kwa sababu zamu yake imekwisha.